Alichotaka Damiano Nikuandikie

Leipzig, Ujerumani

Mama Damiano, mdogo wangu Agnes,

Rolf hakuwa mwenye nyumba wangu. Miaka yote uliyomwombea kanisani kwa sababu hanipandishii kodi, miaka yote uliyomtumia korosho ulizobangua kwa mkono wako, nzima ukamwekea yeye na zilizovunjika ukala wewe, ulikuwa unamtumia shemeji yako. Tuliishi chumba kimoja na kitanda kimoja, kama wanavyoishi mume na mke, tangu nilipokuwa mwalimu kijana wa Kiswahili katika mji huu mpaka alipofia mikononi mwangu. Nyumba ilikuwa yetu sote wawili. Sikuwahi kulipa kodi.

Hilo nimelificha maisha yangu yote, na nimeliweka juu kabisa ili kama utataka kuichana barua uichane mapema. Lakini kabla hujaichana soma na hili: Damiano yu hai. Ni mzima, anafanya kazi, anakula, meno yake yote anayo isipokuwa moja la nyuma. Nimezungumza naye kwa sauti yake mwenyewe. Sitaki usome kurasa hizi zote moyo ukiwa juu kwa ajili ya mwanao.

Najua kila barua yangu ikifika unasema shikamoo kabla hujafungua bahasha, kama vile nimeingia mlangoni. Leo usiseme. Ngoja umalize kusoma, halafu uamue. Mimi ndiye ninayekuuliza: hujambo, Agnes? Goti linakuruhusu kupiga magoti kanisani, au bado unakaa kwenye benchi ukiwatazama wenzako visogo? Na macho? Nimeandika kwa herufi kubwa, nikiandika mstari na kuruka mstari, ili usimwite mtu yeyote akusomee. Ukimaliza, itie jikoni iungue. Si kwa sababu yangu, mimi sina tena cha kulindwa. Ni kwa ajili ya mwanao, maana sheria unaijua na watu unawajua.

Mimi si mzima. Mapafu yamechoka. Daktari wangu, mama mmoja mpole, mwanzoni alikuwa akitaja miezi; siku hizi nikimwuliza anasema "tuone" na kunifunika miguu. Nina mrija wa hewa puani. Naandika robo ukurasa, nalala, naamka, naandika tena. Mahali mwandiko unapoyumba ujue hapo pumzi ilikatika. Barua hii nimeianza mara nyingi, nikafika mahali pamoja, palepale, nikaichana. Sasa sina nguvu ya kuichana nyingine, kwa hiyo hii lazima ifike mwisho.

Nilikuandikia kwamba baada ya kustaafu najishughulisha na kutafsiri vijitabu vya afya. Ilikuwa kweli kwa muda. Tangu Rolf afariki nimekuwa nikihariri kitabu, na kitabu chenyewe ni hiki: wanaume wanaopenda wanaume, wote waandishi wa Kiswahili, kila mmoja ameandika insha ya maisha yake mwenyewe kuhusu usaliti wa mapenzi. Vijana wa sasa wanaita kuchepuka. Ama alichepuka yeye, ama alichepukiwa. Majina yote ni ya kubuni. Mimi mwenyewe nilijiita Mwalimu Salu. Tangazo la kuomba insha lilipita kwenye simu za watu kimyakimya, rafiki kwa rafiki, likaenda mbali kuliko nilivyotegemea.

Utauliza kwa nini nimechagua usaliti, kana kwamba mambo ya heri yamekwisha. Kwa sababu wanaotuandika hutuandika kama wagonjwa, na wanaotutetea hutuandika kama malaika. Nilitaka tuandikwe kama watu wenye nyumba. Watu wanaonuniana mezani, wanaoulizana ulikuwa wapi mpaka saa hizi na shati hili limepata wapi harufu hii.

Nisikufiche, kazi hii ilinifurahisha. Dereva mmoja wa lori aliandika kwamba ana mtu wake Tunduma na mtu wake Dar es Salaam, na kwamba hajawahi kumsaliti yeyote kati yao kwa kuwa hajawahi kuwa na wa tatu. Nikampigia.

"Mwalimu Salu," akasema, "kwani wengine si wanaoa wanne?"

"Wanne wanaojuana," nikamwambia. "Wako wanajuana?"

Akacheka mpaka akapaliwa. Nikasikia injini tu. Halafu akasema, "Yule wa Tunduma alijua. Siku moja alinifungia chakula cha safari, akafunga cha watu wawili."

"Basi anzia hapo," nikamwambia. Akaanzia hapo, na ikawa insha nzuri kuliko zote.

Mwingine, mwalimu wa kwaya, alipekua simu ya mwenzake wakati mwenzake amefumba macho anabariki chakula. Aliandika kurasa na kurasa za alichokikuta mle ndani. Pembeni nikamwandikia swali ninalomwandikia kila mtu: "Hapa wewe ulikuwa wapi?" Maana wote tunajua kusimulia alichofanya mwenzetu. Tukifika kwetu tunaruka.

Swali hilo unalikumbuka, Agnes. Damiano alipokuwa shule ya msingi ulikuwa unanitumia insha zake nizisahihishe, kwa kuwa mimi ndiye mjomba wake na kwetu mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Aliandika kuhusu likizo yake Lukuledi kwa mama yetu, kwamba mbuzi waliingia shambani wakamaliza mihogo. Nikaandika pembeni kwa wino wa kijani: "Hapa wewe ulikuwa wapi?" Ukanijibu kwa barua kwamba mtoto amelia sana, anataka kujua nani amemwambia mjomba wa Ulaya kwamba alikuwa amelala.

Basi mwaka jana, wakati wa masika yenu, nililetewa insha moja. Ilianza na harufu ya salfa. Mwandishi alikuwa kijana mfanyabiashara, anauza salfa ya kupulizia mikorosho na mabomba yake, anapakia kwenye pikipiki anapandisha nayo Newala. Siku moja mvua ikamkuta njiani, suruali ikaungua kwenye bomba la moshi, akaingia kwa fundi nguo aishonewe. Fundi akampa kitenge cha mteja ajifunge, akamkalisha nyuma ya pazia, akamwambia, "Omba mwenye kitenge asije leo. Akija atakuta kina mume ndani." Kijana akacheka. Mvua ikanyesha mpaka jioni, akawa hana haraka tena na suruali.

Nilijua kwenye ukurasa wa pili. Kulikuwa na vilima vya mawe nyuma ya mji, kulikuwa na mama mwenye goti bovu, kulikuwa na mjomba aliyeko Ulaya. Nilimaliza kusoma nikiwa nimeshika meza kwa mikono miwili. Miaka yote hiyo ulikuwa ukiniandikia kwamba hujui kama umwombee mwanao kama aliye safarini au kama marehemu, na sasa nilikuwa nimemshika mkononi.

Unajua nilifanya nini? Sikukupigia simu. Sikumwandikia, "Damiano, ni mimi." Nilichukua kalamu nikaihariri. Insha ilikuwa na aya moja ndefu kuhusu mjomba. Niliikata yote. Nikaandika: "Mjomba anatutoa kwenye mada. Mada ni wewe na fundi. Ondoa." Halafu mahali aliporuka kutoka kwenye kikao cha ukoo hadi siku ya harusi, mkono wangu, bila kufikiri, ukaandika lile swali lake la kawaida. Nikamrudishia.

Jibu lilikuja kesho yake mchana, nikiwa nakunywa uji.

"Shikamoo mjomba," aliandika. "Unauliza nilikuwa wapi. Nilikuwa nyuma ya mlango wa sebule ya mama, nasikiliza sauti yako ndani ya bakuli."

Agnes, uji ule sikuumaliza.

Kile kikao wewe ulikuwepo, unajua upande wa huko kwako Mkomaindo. Nikueleze upande wangu. Ndugu yetu Bonifasi aliponipigia alisema simu ameiweka ndani ya bakuli tupu la bati juu ya meza ili watu wote wasikie, na kweli sauti zenu zilinifikia kama mmekaa kisimani. Nilimsikia Bibi Tekla, mtani wetu, akianza mapema kama kawaida yake: "Mjomba wa Ulaya! Mbona sauti imekonda? Huko mzungu hakupi ugali?" Watu wakacheka. Nilikusikia na wewe ukicheka. Nilikuwa nimekaa jikoni kwangu, Rolf yuko mbele yangu anamenya viazi.

Halafu Bonifasi akasoma shauri. Kwamba kijana wetu amefikisha umri na zaidi. Kwamba haleti binti nyumbani. Kwamba kuna maneno juu ya fundi mmoja wa Newala, na maneno hayo yakifika kanisani yatatuaibisha sote mbele za watu. Kwamba kwa mila yetu baba hana kauli hapa, mama hana kauli, ndugu hawana kauli mpaka mjomba mkubwa aseme. "Mjomba yuko hewani," akasema. "Tunamsikiliza yeye."

Nilisikia kuku wako akipita. Ningesema "mwacheni mtoto", jambo lingekwisha pale pale, hakuna ambaye angenipinga, wewe unajua. Hata Bonifasi asingenipinga. Ndiyo nguvu pekee niliyowahi kuwa nayo duniani.

Nikasema, "Aoe. Na aoe kabla ya msimu wa korosho."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nilipoweka simu chini Rolf alikuwa ameacha kumenya. Kiswahili hakukijua zaidi ya karibu na asante. Akaniuliza, "Umemfanya nini huyo mtu?" Nikamwambia ni mambo ya mashamba. Akanitazama muda mrefu, akaendelea na viazi vyake.

Yaliyofuata uliyaona. Lakini kuna moja hulijui, na Damiano ameliandika kwenye insha. Ile suti ya harusi, ya kijivu, ambayo ulinisifia kwenye simu kwamba imemkaa kama amezaliwa nayo, ilishonwa na Saidi, yule fundi wa Newala. Bonifasi alimpeleka Damiano mwenyewe mpaka Newala, mpaka kwenye kibanda cha Saidi, akasimama mlangoni.

"Fundi, kijana wetu anaoa," akasema Bonifasi. "Tumesikia wewe unamjua vipimo."

Saidi akachukua utepe wake. Damiano anaandika kwamba hawakutazamana. "Inua mkono," Saidi akamwambia. "Geuka." Alipofika mabegani akasema taratibu, "Umepungua."

"Pima, fundi," Bonifasi akasema. "Tuna basi."

Saidi aliishona vizuri kuliko suti yoyote aliyowahi kushona, akafunga kibanda, akaondoka Newala, na Damiano hakuambiwa alikoelekea. Na Neema, yule binti wa watu tuliyemtwika mume asiyekuwepo, akakaa na mwanao anayekula chakula chake na kumshukuru kama mgeni, mpaka asubuhi ile Damiano alipovuka Ruvuma akakuachia pikipiki uani. Nafurahi kwamba Neema aliolewa tena akapata watoto. Ukimwona sokoni mpe salamu zangu, au usimpe, fanya unavyoona.

Insha yake inasema yeye ndiye msaliti. Hamsemi vibaya mtu mwingine. Anasema alimsaliti Saidi siku aliyoinua mkono kupimwa badala ya kuutumia kumshika. Ni insha nzuri, Agnes. Mwanao anaandika vizuri. Sijui kama unaruhusiwa kujivunia jambo kama hili lakini mimi nilijivunia.

Baada ya ujumbe ule tulizungumza. Sauti yake imekuwa nzito, inafanana na ya baba yetu. Nilimwomba radhi kwa "aoe". Akasema, "Hiyo niliisikia mwenyewe, mjomba. Hiyo nilishaimeza." Kisha akaniuliza, "Unakumbuka nilikupigia Alhamisi?"

Nakumbuka. Hili pia hulijui. Kabla ya kikao, wiki iliyotangulia, Damiano alinipigia peke yake, asubuhi, akiwa njiani na mizigo yake ya salfa. Alinieleza yote. Nilimwuliza kwa nini ananieleza mimi. Akasema, "Ulipokuja kumzika bibi ulituonyesha picha yako na mwenye nyumba mmekaa bustanini. Watu wote walikuwa wanatazama maua. Mimi niliona viti." Akacheka kwa woga. "Mjomba, wapangaji hawakai hivyo." Aliniita kama mtu aliyepotea porini akaona moshi. Nikamwambia, "Usiogope. Wakiniuliza, nitakutetea. Nakuahidi." Akalia, mtu mzima, kando ya barabara. Akasema, "Basi nimepona."

Ile aya niliyoikata inaanza hapo, na inaendelea mpaka kwenye kikao.

Akaniambia kwenye simu, "Mama anajua kilichotokea kati ya ile Alhamisi na kikao?"

"Hajui," nikasema.

"Anafikiri nini?"

Nikamweleza ulichoniandikia mimi baada ya yeye kuondoka: kwamba ni mdomo wako uliomfukuza. Kwamba Jumapili moja baada ya ibada ulimlalamikia Bonifasi kwamba mwanao kila Jumamosi yuko Newala kwa fundi Saidi, hata chakula chako hali tena, na kwamba neno hilo ndilo Bonifasi alilolichukua akalipeleka kwenye kikao. Uliniandikia kwamba tangu siku hiyo hupokei mkate wa meza ya Bwana kwa sababu ulimi wako hauna ruhusa. Barua ile niliijibu, Agnes. Nilikujibu kwamba Mungu husamehe. Hayo ndiyo niliyokujibu.

Damiano alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mjomba, miaka yote hii mama anabeba kitu ambacho si chake, na wewe unamtazama?"

Nikamwambia nitakupigia simu siku hiyohiyo. Akasema, "Hapana. Simu ulishaitumia. Mwandikie. Akishasoma, akisema amesoma, nitampigia mwenyewe. Nikimpigia kabla hujamwandikia, ataanza kuniomba msamaha mimi, na mimi siwezi kumsikia mama akiniomba msamaha. Nitakata."

Nilimsihi. Nilimwambia mimi naweza kufa kabla barua haijafika. Akasema, "Ndiyo maana uandike leo." Hiyo ilikuwa kabla ya baridi, na sasa baridi inakwisha. Kila nikilala namwona ameshika simu, amekaa anasubiri mzee mmoja aandike maneno machache. Ndiyo maana nimekwambia hizo karatasi zote nilizichana palepale. Kila mara nilieleza Rolf, nikaeleza kitabu, nikaeleza kikao, nikakiri kila kitu isipokuwa kimoja, halafu nikasoma nilichoandika kwa jicho la mhariri nikaona kijana yeyote angeniletea karatasi hii ningemrudishia.

Insha yangu mwenyewe iko kwenye kitabu. Inasimulia jinsi nilivyomsaliti Rolf na mtu mmoja wa maktaba, jinsi alivyojua, jinsi alivyonipikia chakula siku hiyo akaniuliza kama kweli bado nina njaa. Niliiandika kwa siku moja, bila kufuta. Watu wataisifu kwa ukweli wake. Usaliti ule niliufanya kwa tamaa, na tamaa inaandikika. Huu mwingine niliufanya kwa mtoto wa dada yangu nikiwa na akili zangu timamu, na kalamu inakataa.

Kwa Damiano sasa, ili ujue. Hayuko na Saidi. Walikutana mara moja, ng'ambo, kwenye mji mmoja wa Msumbiji ambao hataki nikutajie. Saidi alikuwa na utepe shingoni, akamtazama juu mpaka chini akasema, "Umenenepa. Suti ile haikuingii tena." Wakanywa chai, wakaagana vizuri. Siku hizi Damiano anafanya kazi kwenye tanuri la mikate, anaishi na mtu anayemwita mwenzangu, na anasema mwenzake huyo anakoroma. Alinisimulia hilo la kukoroma kwa furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Aliniuliza kama ule mkorosho wa nyuma ya choo bado unazaa. Nikasema nitakuuliza. Mjibu mwenyewe.

Mdogo wangu, sikuombi unisamehe. Ukisoma ukaona huwezi, usilazimishe. Nilikuwa na hamu ya kuzikwa karibu na mama Lukuledi, nimekuandikia hilo mara nyingi. Sasa nakuondolea mzigo huo, nitazikwa huku kando ya Rolf, nafasi ipo. Ninachokuomba ni kimoja. Ukimaliza ukurasa huu, hata kama umenichukia, mwambie mtoto wa jirani mwenye simu nzuri atume neno moja kwenye namba niliyoandika nyuma ya bahasha: "Nimesoma." Usiongeze kitu. Mwanao anasubiri neno hilo.

Nisalimie Bibi Tekla mtani wetu, mwambie sauti sasa imekonda kweli na ruhusa ya kunicheka anayo. Nisalimie dada yetu mkubwa wa Chiungutwa, mama wa mapacha, na mchungaji wenu aliyekuwa mwanafunzi wangu, ambaye najua hatakubali kunitaja madhabahuni akijua haya. Salamu kwa mjane wa Bonifasi. Usimlaumu mumewe kaburini kwa yote, alitumia alichopewa. Salamu kwa mtu yeyote anayekuchotea maji.

Ona, nimefika kwenye salamu, na hapa ndipo huwa naweka jina langu na kufunga bahasha. Leo sifungi. Naivuta hewa, naandika.

Agnes, Alhamisi ileile niliyomwahidi Damiano, jioni, Bonifasi alinipigia kuhusu mabati ya nyumba ya Lukuledi. Katikati ya mabati akatania, akasema watu wanauliza kama kutooa ni ugonjwa wa ukoo wetu, maana ulianza na mimi na sasa umemshika Damiano. Hakuwa anajua lolote. Alikuwa anacheka tu. Mimi nikaogopa kwamba akimaliza kucheka ataanza kufikiri juu yangu, nikamwambia mimi ni masomo tu yaliyonipitisha umri, lakini huyo kijana mfuatilieni, ana fundi nguo Newala, anaitwa Saidi. Jumapili ulipomlalamikia baada ya ibada alikuwa ameshajua kila kitu. Hukumfukuza mwanao. Aliyemtaja ni mimi, kaka yako Elia.